Kazi ya Hundi Usiikimbie: Kwa Wanaotaka Kupiga Picha za Gazeti Mombasa

Tangu Jumanne simu yangu haijatulia. Picha ya wanafunzi waliojifunika hundi ya kadibodi kwenye mvua imetoka ukurasa wa kwanza, jina langu likiwa chini yake kwa herufi zinazosomeka bila miwani, na watu niliodhani wamehama mji wamenikumbuka ghafla. Katika hizo pongezi kuna ujumbe wa kijana mmoja wa Mikindani: "Kaka, hongera. Hiyo ni kamera gani? Nami nataka kuingia gazetini, ila hizi kazi za mikutano siziwezi. Nataka habari zenyewe."

Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona maneno yanazidi. Halafu yeye si wa kwanza. Nyinyi mnaoniandikia nawajua: mwataka vitoa machozi, mwataka moto, mwataka mheshimiwa akishuka kwenye helikopta vumbi likitimka. Mimi pia nilianza na hamu hiyo hiyo, kwa hiyo siwacheki. Lakini sikilizeni picha ya juzi ilivyopatikana.

Kazi niliyopangiwa siku ile ilikuwa ya hundi. Aliye kwenye fani anajua maana yake. Kampuni inatoa msaada shuleni, wakubwa wanapanga mstari, hundi yenye ukubwa wa mlango inashikwa pande mbili, kila mtu anatabasamu kuelekea kamera ya afisa wa mawasiliano na si yako, kisha maji ya chupa na sambusa. Wenzangu walipoona ratiba wote walipata dharura. Mimi nikapanda matatu hadi Kisauni, kwa sababu nalipwa kwa picha iliyochapishwa. Nisipotokea, hakuna cha kuchapishwa.

Picha ya mstari niliipiga. Lazima uipige, mhariri ataiulizia. Wakubwa wakahutubu mpaka mawingu yakafunga, wakaingia kwenye magari yao, hundi wakaiacha imeegemezwa kwenye mlingoti wa bendera. Ile ni ya maonyesho tu, pesa hupitia benki. Mvua ya masika mnaijua: ilishuka kwa mkupuo, na watoto waliokuwa wakirudisha viti madarasani wakaichukua ile hundi wakajitwika vichwani. Kutoka barazani nilipojibanza sikuona uso hata mmoja. Niliona kadibodi yenye masufuri mengi ikikata uwanja juu ya miguu minane. Mtoto mmoja amevua viatu kavishika mkononi visilowe, na sahihi ya mkurugenzi, iliyotiwa kwa kalamu ya wino, inaanza kuchuruzika juu ya neno "milioni". Nilipata fremu chache kabla hawajafika mlangoni. Ndiyo hiyo mliyoiona.

Sasa wewe usiyeziweza kazi za mikutano, niambie ungekuwa wapi saa hiyo.

Kamera, kwa kuwa umeuliza, ni ya mitumba. Raba ya kushikia ilibanduka, nikaigandisha kwa gundi ya fundi viatu. Pesa niliziweka kwenye lenzi, nawe fanya hivyo. Ongeza betri ya akiba, kadi ya akiba, na kitu cha kufunikia mvua. (Mimi bado ninao mfuko mmoja wa plastiki wa kabla ya marufuku ya 2017. Msinichongee.) Jambo ambalo wauza kamera wa Nairobi hawatakwambia ni kwamba adui wa kamera Mombasa ni hewa yenyewe. Ukitoka kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi ukatokeza juani, lenzi inafunga ukungu papo hapo, na mgeni rasmi anapanda gari wewe ukifuta kioo kwa shati. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama robo saa nje ya ukumbi, ipate joto taratibu, ndipo uitoe. Na vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vijaze kwenye begi. Unyevu wa hapa huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu akishaingia fundi atakula pesa yako yote.

Wiki ya kazi hii haina sura moja. Leo bei ya nyanya Kongowea, ambako ukitaka wachuuzi wakuzoee fika alfajiri malori yanaposhusha mzigo, na ununue kitu. Kesho timu ya Bandari wanacheza uwanja wa Mbaraki, unakaa nyuma ya goli lakini si upande unaotazama jua la jioni, spidi ya kamera usishuke chini ya 1/1000 ya sekunde. Keshokutwa ni semina ya siku nzima ambayo sitaki hata kuikumbuka.

Mahakamani nitakaa kidogo, maana huko ndiko vijana huharibu. Lile jengo la zamani la mahakama, la 1902, karibu na Fort Jesus, siku hizi ni mahali pa maonyesho, na kwa macho ya mpiga picha ni zuri kuliko jengo la sasa. Bahati mbaya washtakiwa hawapelekwi huko. Ndani ya chumba cha kesi hupigi picha bila ruhusa ya hakimu, na usimuombe akiwa kitini. Mpitie karani mapema. Karani ndiye mtu wa kusalimiana naye kuliko mawakili wote, kwa sababu anajua kesi gani imehamishiwa chumba gani na ipi itaahirishwa, na atakuokolea asubuhi nzima. Picha yenyewe huwa kwenye ukumbi wa kupitia, pale washtakiwa wanapotolewa mahabusu. Wengi hujifunika uso kwa shati au kwa gazeti, siku nyingine gazeti lako mwenyewe. Usipigane na mtu anayejificha. Tazama mikono. Nimewahi kuleta picha ya pingu moja iliyofunga mikono ya watu wawili, mmoja ana saa ya dhahabu, mwingine ana kamba ya hirizi, na mhariri hakuuliza nyuso ziko wapi.

Mshtakiwa akiwa mtoto, teremsha kamera. Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda utambulisho wake, lakini hata isingekuwapo, mama yake anaishi mtaani kwenu. Na kwenye maelezo ya picha usiandike "mwizi". Andika "mshtakiwa". Hakimu bado hajasema, wewe nani?

Kusubiri nilijifunzia Likoni. Mwishoni mwa Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri likiwa na watu wawili, likakaa chini ya maji ya mlango wa Kilindini karibu wiki mbili kabla ya kutolewa. Kila siku tulipangana ukingoni tukiwatazama wapiga mbizi. Sehemu kubwa ya siku hizo sina cha kusimulia: jua, maboti, tetesi, jua tena. Waliokuja na hamu ya habari zenyewe walichoka, wakawa wanakuja mchana tu. Mimi nilikuwa pale asubuhi watu wa ng'ambo wanapovuka kuja kazini kisiwani, na ndipo nikaona kwamba feri ilipofika sehemu ile abiria wote waligeuza shingo upande mmoja, kimya, hata makanga, hata mchuuzi wa njugu. Nilivuka nao nikapiga kutoka mbele. Siku ya gari kutolewa nilipiga winchi kama kila mtu. Ile ya shingo hakuwa nayo mwingine.

Gazeti, ambalo silitaji, lilichapisha picha ile na jina langu mara moja. Tangu hapo, kila feri ikikwama, kila abiria wakilalamika, naiona tena, na chini yake imeandikwa "Picha: Maktaba". Maktaba! Kana kwamba ni rafu ya vitabu iliyoamka alfajiri ikavuka Likoni. Nilipiga simu, nikaambiwa nitaangaliwa. Nikaandika barua, sikujibiwa. Binti yangu aliiona kwenye gazeti la kufungia mahamri akaniuliza mbona jina langu halipo, nikamwambia ale.

Kwa hiyo hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Kijana, kabla ya kujua spidi ya kamera jua karatasi unayotia sahihi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi uliyoagizwa kuifanya, haki zake za kiuchumi huhesabiwa zimehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Haya maneno ya mwisho ndiyo yako. Nusu ya wenzangu hawajawahi kuyasoma. Mnapatana kwa simu, "nenda Shanzu, leta picha saa kumi," na hapo umeshatoa kitu kitakacholindwa na sheria miaka 50 kwa malipo yasiyofika nauli na chakula cha mchana. Lakini haki ya kutambuliwa kwamba wewe ndiye uliyepiga ni kitu kingine, hiyo haiuzwi pamoja na picha. Nilichelewa kuidai kwa sababu nilidhani kudai ni kiburi, na walionizunguka walifurahi nidhani hivyo.

Siku hizi kabla ya kwenda nataka ujumbe wa maandishi, hata wa mstari mmoja kwenye WhatsApp: picha inatumika mara ngapi, wapi, na jina langu linakaa wapi. Jina na tarehe naviingiza ndani ya faili lenyewe kabla ya kutuma, maana maelezo yaliyoandikwa pembeni hukatwa. Faili asilia sitoi, nazihifadhi kwenye diski mbili, moja haikai nyumbani. Na ile picha ya shingo nimeshaenda kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki. Mhariri mmoja ameniambia siku hizi nimekuwa mwanasheria kuliko mpiga picha. Nimemwambia anitumie hilo nalo kwa maandishi.