"Kil" ni kanisa au msitu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni muuguzi, niko Ireland. Vijiji vingi huku vinaanza na "Kil", na rafiki zangu wa nyumbani wananitania eti naishi kwenye vijiji vya mauaji. Maana yake hasa ni nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waambie wameingiza "kill" ya Kiingereza, yaani kuua, pasipohusika. Hicho ni Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, kilichovalishwa nguo za wageni, yaani tahajia ya Kiingereza, na kina mtego: huenda ni cill, kanisa, au coill, msitu. Kildare ni Cill Dara, kanisa la mwaloni. Ila ukikuta Kilmore, tahajia peke yake haikuambii kitu. Laweza kuwa kanisa kubwa, waweza kuwa msitu mkubwa.

Ndiyo maana nampenda John O'Donovan, aliyejiunga na wapima ramani wa serikali, Ordnance Survey, mwaka 1830. Alizunguka vijijini akiwasikiliza wazee wakitamka majina kwa Kigaeli, akalinganisha na maandishi ya kale, kisha daftarini zikaingia tahajia alizozikuta, asili ya jina, na umbo la Kiingereza la kuchapwa kwenye ramani. Hivyo ndivyo baile, yaani kijiji, ilivyobaki Bally. Wapo wanaomlaumu kwa maumbo hayo ya Kiingereza, mimi namshukuru, maana asili nayo aliiandika.

Kesho ukipita kibao cha barabarani, achana na herufi kubwa za chini, soma yale maandishi ya mlazo ya juu, ya Kigaeli. Ukiona cill, angaza macho utafute magofu na makaburi. Ukiona coill, usitegemee miti. Mingi ilikatwa zamani.