Kozi ya uhudumu wa afya ya miezi 6 Tanga: usilipe bado

Salaam mdogo wangu. Umeuliza kama ulipe ada ya ile kozi ya miezi 6 hapo Tanga mjini, kwa vile wamekuahidi ajira. Subiri kwanza. Omba namba yao ya usajili wa NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya ufundi, uihakiki mwenyewe. Karatasi iliyobandikwa ukutani haitoshi. Mimi nililipia kozi fupi kama hiyo kwa kuamini maneno. Matangazo ya ajira serikalini ya Mhudumu wa Afya Daraja la II yanataka kidato cha nne na mafunzo ya mwaka 1 kutoka taasisi inayotambuliwa na Serikali, kwa hiyo cheti changu kilikataliwa. Iliniuma, maana mama alikuwa ameuza mbuzi wake.

Pia uliza mazoezi ya vitendo mtafanyia wapi. Kwa mfano, mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi ili asipate vidonda vya kulalia, wawili mkishika shuka, mkimwinua bila kumburuta. Kisha kagua visigino na makalio. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu wa kidonda kinachoanza haujitokezi vizuri. Pitisha mkono usikie joto au ugumu. Hayo hayafundishiki ubaoni.

Na kama umefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, ulizia unesi wenyewe kabla ya kuamua.