Feni ya zamani ya marehemu: pa kuanzia, pa kubadilisha, pa kuacha

Pole sana kwa msiba wa mzee. Umeuliza mambo matatu: feni yake ya mezani yenye mapanga ya shaba inanguruma tu haizunguki, uanzie wapi; uing'arishe na kuipaka rangi upya au la; na kama kazi hii inamfaa mtu ambaye bado yuko kwenye majonzi. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linaloamua mpangilio wa kazi yote.

Inafaa, kwa masharti. Aliyefiwa husahau. Anatia skrubu mfukoni, anaitwa, akirudi hajui alifika wapi. Feni huvumilia usahaulifu huo ikiwa haina umeme, kwa hiyo kata plagi yake leo, kabla mtu wa nyumbani hajaichomeka. Waya huo utabadilishwa tu. Fanya kazi nusu saa au dakika 40 kwa siku, simama pale kipande kimoja kinapokamilika, na kabla ya kuinuka andika kwenye karatasi hatua inayofuata. Skrubu za kila sehemu zikae kwenye kopo lake lenye jina, na piga picha kabla ya kugusa chochote, hasa nyaya. Siku ambayo hukulala, safisha wavu. Nyaya ziache.

Sharti jingine: kisichorudishika kiwe cha mwisho. Oili ukikosea unaifuta. Shaba uliyoisugua, rangi uliyoibandua na koili (nyaya zilizosokotwa ndani ya mota) uliyoikata hazirudi. Na kabla ya bisibisi waulize ndugu zako. Huenda kuna anayeikumbuka feni hiyo kwa rangi ileile iliyochakaa unayotaka kuiondoa.

Sasa mota. Kuchomeka "nione tu kama bado" ndiko kunakoua feni nyingi za aina hii. Mota iliyokwama huvuta umeme mwingi kuliko inayozunguka, na haina upepo wa kuipoza. Dakika chache zinatosha koili kuungua, na hapo kazi ya matone ya oili inageuka kazi ya kusuka mota.

Soma kwanza kibati kilicho chini au nyuma ya mota. Kikisema DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), usiiunganishe na umeme wa kawaida wa ukutani mpaka ijulikane ni mota gani. Zipo zenye brashi zinazokubali aina zote mbili, na zipo zisizokubali. Ikiwa ni ya volti 110 au 120 na nyumbani kuna 220 hadi 240, inahitaji transfoma ya kushusha. Angalia pia Hz, yaani umeme unajirudia mara ngapi kwa sekunde. Feni ya 60 Hz ikipewa 50 Hz hupungua mwendo kwa takriban sehemu moja ya sita na hupata joto zaidi. Iliyoandikwa volti 120 na 60 Hz hutulia vizuri zaidi kwenye 50 Hz ukiipa volti 100. Za zamani kabisa zilitengenezwa pia kwa 133 Hz. Hizo usizichomeke kabisa, kwa sababu kwenye 50 au 60 koili zake huvuta umeme kupita kiasi.

Zungusha mapanga kwa mkono. Yakiwa mazito kama yamo kwenye asali, tatizo ni oili ya zamani iliyoganda kuwa gundi, na hili ndilo la kawaida kuliko yote. Yakizunguka mepesi kisha yakasimama ghafla mahali palepale, rota (kiini cha mota kinachozunguka) inagusa stata (sehemu isiyozunguka yenye koili) kwa sababu bushi (vipete vinavyoshika shafti, mhimili wa mapanga) zimelika. Yakiwa mepesi kabisa na bado mota hunguruma, shaka inahamia kwenye upande wa kuanzishia: swichi ya ndani inayofunguka kwa mwendo, kapasita (kikopo kidogo kinachohifadhi umeme) kama ipo, au kipete cha shaba nyekundu kilichokatika pembeni ya koili.

Kuyatoa mapanga, tafuta skrubu ya kukazia kwenye kitovu. Mara nyingi imeshika kutu. Dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, subiri usiku mzima, tumia bisibisi yenye upana uleule wa mfereji, kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze. Usivute panga lenyewe wala usilikongoe kwa bisibisi. Shika kitovu. Panga likipinda milimita chache, feni nzima itatikisika.

Rota inapotoka, shika kila washa (kiduara chembamba chenye tundu) inayotoka nayo na uichore kwenye karatasi: upande wa mbele ngapi, wa nyuma ngapi, ipi ya chuma, ipi ya faiba. Hizo ndizo zinazoiweka rota katikati ya stata. Rota iweze kusogea mbele na nyuma kama nusu milimita hadi milimita moja. Bila nafasi hiyo hujibana ikipata joto, na ikizidi hugonga.

Shafti na bushi zisafishe kwa mafuta ya taa na kitambaa, na tundu la bushi kwa kijiti kilichoviringwa pamba. Shafti usiipige msasa. Ukipunguza unene wake umejitengenezea mlegezo wa kudumu. Tambi za kupeleka oili zikiwa ngumu, weka mpya za sufu halisi, kwa kuwa za nailoni hazinyonyi oili vizuri. Oili iwe SAE 20 (namba ya uzito wa oili, huandikwa kwenye kopo) isiyo na kemikali za kusafisha ndani yake, matone matatu hadi matano kila bushi baada ya tambi kulowa. Oili ya injini ya gari huuacha uchafu ukielea ndani yake na kuziba tambi. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, pengine ndiyo yaliyoikwamisha. Yale ya kupuliza ya kulegeza kutu hukauka na kuiacha bushi kavu. Tumia kulegezea, kisha yafute.

Koili zisiguswe na petroli, na spiriti pia hapana, kwani vanishi nyingi za zamani huyeyuka kwenye spiriti. Brashi laini na kavu inatosha.

Kwenye nyaya usione huruma. Mpira wa zamani hukauka, hupasuka kwa kukunjwa, na shaba iliyo wazi inagusa kiwiliwili cha chuma ambacho watu watakishika. Badilisha waya wa ukutani, na ule unaopanda shingoni hadi kwenye mota. Wa ukutani uwe wa nyuzi tatu, 0.75 mm², upo uliofumwa kwa kitambaa kama wa zamani. Wa shingoni uwe wa silikoni, 0.5 hadi 0.75, wenye kitanzi cha ziada ili shingo igeuke kulia na kushoto bila kuuvuta. Kila tundu la chuma unapopita liwe na kiraba, na ndani ya kitako funga fundo ili mtu akijikwaa mvuto uishie kwenye fundo. Laivu (waya unaoleta umeme) ndiyo ipite kwenye swichi. Erthi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) ibane kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha pima kutoka pini ya erthi hadi kitako, hadi kwenye mota na hadi kwenye wavu: kote iwe chini ya ohmu 1. Rangi kwenye shingo huweza kukitenga kichwa na kitako bila wewe kujua. Plagi yenye fyuzi iwekewe ya ampea 3.

Penye koili kutokezea nje, waya wa zamani ukiwa bado laini, uvalishe mrija unaonywea kwa joto. Ukimeguka, kata karibu na koili palipo pazima, lehemu kipande kipya, vika mrija, funga kwa uzi. Hapa ndipo mkono unaotetemeka hufanya hasara. Kama leo si siku yake, iache.

Ukikuta kipande cheupe au kijivu kama kadibodi chini ya swichi au kwenye koili ya mwendo (ile ya kitakoni inayopunguza kasi), kichukulie kuwa ni asbesto: usikikwangue wala kukipuliza.

Kabla ya umeme, fundi mwenye kipimo cha uhami kinachotoa volti 500 apime kati ya koili na kiwiliwili. Chini ya megohmu 1 (ohmu milioni moja) isiwashwe. Mara nyingi ni unyevu tu. Iweke mota ndani ya boksi na balbu ya wati 60 inayotoa joto kwa siku moja au mbili, isiguse boksi, isiachwe bila mtu, kisha ipimwe tena. Mita ya kawaida haitoshi kwa kipimo hiki hata ikionyesha namba nzuri.

Uwashaji wa kwanza upite kwenye balbu ya uzi ya wati 60 hadi 100 iliyoungwa mfululizo na laivu. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti: zima. Isipowaka kabisa, waya umekatika mahali. Ikiwaka hafifu na mapanga yakajaribu kuzunguka, uko salama kuendelea. Kisha bila balbu hiyo dakika 10, zima, chomoa, shika mota. Joto la kuvumilika ni sawa. Usipoweza kuacha kiganja hapo sekunde tano, rudi kwenye bushi na volti. Baada ya hapo saa nzima ukiwepo. Ikifanya kazi kwenye mwendo mkubwa tu na midogo ikakataa, koili ya mwendo iliyo kwenye kitako imekatika.

Mapanga: tafuta nyufa kwenye ribiti. Lenye ufa halizunguki tena, hata likiwa zuri namna gani. Yalaze kwenye ubao ulionyooka, upime urefu wa kila ncha kutoka ubaoni. Tofauti ikizidi milimita 2 itatikisika.

Kuhusu kung'arisha. Shaba huliwa na jasho la vidole, kwa hiyo madoa meusi kwenye ukingo wa panga na kwenye kitufe cha swichi huenda ni ya mkono wa mzee. Ukisugua yanakwenda. Mimi ningeosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, nikakausha, basi. Rangi nyeusi ya kitako nayo ioshwe hivyohivyo na kupakwa nta ya gari. Kama ni lazima kuibandua, usiisugue kavu, kwani rangi za enzi hizo huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Ule mlio wa "tak" shingo inapofika mwisho wa mzunguko ni ulegevu wa mkono wa gia. Ukiusikia, usikimbilie kuurekebisha ikiwa gia haina jino lililovunjika. Grisi kidogo inatosha, na huenda nyumbani kwenu ndio mlio wanaoujua.

Nafasi za wavu wa zamani huingiza ngumi ya mtoto, kwa hiyo ikae juu, izimwe na ichomolewe mtu anapotoka chumbani. Oili matone mawili kila bushi mwanzoni mwa msimu wa joto. Waya wa zamani, plagi na zile tambi zilizoganda zitie kwenye bahasha, andika tarehe, uibandike chini ya kitako pasipofikiwa na joto la koili.