Mama alilea watoto Uingereza, sasa pensheni yake ina upungufu: adai vipi?

Swali: Assalaam alaykum mshauri. Mamangu alikuja London kutoka Mombasa mwaka 1979. Tulizaliwa watatu, wa kwanza Februari 1980 na kitinda mimba 1987. Alikaa nyumbani kutulea hadi 1995, kisha akafanya kazi ya usafi hospitalini mpaka alipotimiza miaka 60, Januari 2009. Mwaka 2012 akarudi Mombasa. Pensheni yake ya msingi ya serikali ni pauni 36.53 kwa wiki, na haijaongezeka hata senti tangu aondoke. Nimesikia kuna akina mama ambao miaka yao ya kulea haikuhesabiwa. Je, anaweza kudai akiwa Kenya? Baba alirudi nyumbani zamani, na hakuchangia miaka mingi. Pia shangazi yangu, aliyelea wanawe hapa hapa London, alifariki 2019. Wanawe wana haki yoyote?

Jibu: Waalaykum salaam dada. Mama anaweza kudai, na kukaa kwake Kenya si kizuizi. Kwa tarehe ulizonipa, naona kama miaka 15 imepotea kwenye kumbukumbu zake.

Kuanzia 6 Aprili 1978 hadi 5 Aprili 2010 kulikuwa na utaratibu unaojulikana kwa herufi HRP. Mzazi aliyekuwa akipokea posho ya watoto, ile tunayoiita Child Benefit, kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, alipunguziwa idadi ya miaka ya michango inayotakiwa ili apate pensheni kamili. Hakutakiwa kuomba. Ofisi zilipaswa kuoanisha posho na kumbukumbu yake ya Bima ya Taifa, yaani NI, zenyewe.

Tatizo lilikuwa kwenye fomu ya posho. Hadi Mei 2000 mtu hakulazimika kuandika namba yake ya NI. Mama aliyeacha nafasi ile wazi alilipwa posho yake vizuri tu, akaenda posta na kitabu chake kila mara, lakini hakuna aliyejua miaka ile ya kulea iandikwe kwenye kumbukumbu ya nani. Kwa mgeni aliyefika juzi kutoka Mombasa, hajaajiriwa, pengine namba yenyewe hana, kuiacha wazi lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Sasa hesabu. Mwanamke aliyefikisha miaka 60 kabla ya 6 Aprili 2010 alitakiwa kuwa na miaka 39 ya michango ili apate pensheni ya msingi kamili. Mama ana miaka 13 ya kazi, 1995/96 hadi 2007/08. Kumi na tatu kwa 39 ni asilimia 33 na sehemu, ambayo hupandishwa hadi namba nzima inayofuata, yaani 34. Mwaka 2012/13 pensheni kamili ilikuwa pauni 107.45, na asilimia 34 yake ndiyo hiyo 36.53 uliyoniandikia. Ndiyo maana nasema HRP haimo: wamemgawia kwa 39 nzima.

Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza 6 Aprili, na HRP huhesabu mwaka uliotimia tu. Kwa mama ni kuanzia 1980/81 hadi 1994/95, miaka 15. Ondoa 15 kwenye 39, zinabaki 24. Kumi na tatu kwa 24, ikipandishwa vile vile, ni asilimia 55. Kwa kiwango cha 2012 hiyo ni pauni 59.10 kwa wiki, tofauti ya pauni 22 na nusu. Ukijumlisha tangu Januari 2009, malimbikizo yanapita pauni 18,000.

Nimetumia kiwango cha 2012 kwa makusudi. Kenya haina mkataba na Uingereza wa kupandisha pensheni kila mwaka, kwa hiyo aliyehamia huko hubaki na kiwango cha siku aliyoondoka. Tanzania ni hivyo hivyo, Oman pia. Kudai HRP hakuondoi zuio hilo. Angebaki London, hiyo asilimia 55 ingekuwa pauni 97 kwa wiki kwa viwango vya 2025/26. Kwa maoni yangu ni dhuluma, lakini ndiyo sheria, na ni vyema mama ajue mapema asije akadhani amepunjwa tena.

Kuna kitu kingine cha kuangalia kabla hajaanza kuzipangia fedha hizo. Kama kati ya 2009 na 2012 alikuwa akipata Pension Credit, ile nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, basi sehemu ya malimbikizo ya miaka hiyo itakatwa, kwa sababu pensheni ingekuwa kubwa angepata nyongeza ndogo. Baada ya kuhamia Mombasa nyongeza hiyo hailipwi, kwa hiyo sehemu kubwa ya deni lake haiguswi.

Ulivyomtaja baba umenisaidia. Chini ya sheria za zamani, mke angeweza kupata hadi asilimia 60 ya pensheni ya msingi kwa michango ya mume. Baba angekuwa na michango kamili, mama angekuwa tayari yuko kwenye 60, na kupanda kutoka 34 hadi 55 kwa jina lake mwenyewe kusingemwongezea kitu. Nawaona wengi wanaojaza fomu kwa matumaini makubwa bila kupima jambo hili. Kwa mama, kwa kuwa baba hakuchangia sana, HRP ndiyo njia yenye faida.

Wapo wasiostahili. Wanawake walioolewa waliochagua kulipa michango ya kiwango cha chini hawapati HRP kwa miaka hiyo. Uchaguzi huo ulifungwa Mei 1977, kwa hiyo aliyefika 1979 haumhusu; waliotangulia na kuajiriwa kabla ya hapo wauangalie. Vile vile, posho kwa kawaida hulipwa kwa mtoto aliyeko Uingereza. Kama mmoja wenu alilelewa kwa bibi Mombasa, miaka yake haisaidii, ila ya ndugu zake waliokuwa London inatosha.

Fomu yenyewe ni CF411. Ipo kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, inajazwa bure, na inaweza kutumwa kwa posta kutoka Kenya. Mama atahitaji namba yake ya NI, ambayo imo kwenye barua za pensheni na hati za zamani za mshahara, pamoja na majina na tarehe za kuzaliwa za watoto. Kama hana tena namba ya posho ya miaka ile, asikate tamaa, adai tu. Mamlaka ya kodi, HMRC, ndiyo inayorekebisha kumbukumbu, kisha wizara inayoshughulikia pensheni inakokotoa upya na kulipa. Ni ofisi mbili, kwa hiyo barua ya kwanza ikisema kumbukumbu imerekebishwa, fedha bado ziko njiani.

Tangu 2023 HMRC iliwatumia barua baadhi ya akina mama. Huenda wapo waliozitupa wakidhani ni za matapeli, na ya mama huenda iliishia kwenye anwani ya zamani. Kutopata barua hakumnyimi haki. Akitokea mtu wa kumjazia kwa asilimia fulani ya malipo, mkataeni.

Kuhusu shangazi, madai hayafi na mtu. Wanawe wanaweza kujaza kwa niaba yake, na ikithibitika alipunjwa watalipwa malimbikizo hadi siku aliyofariki. Wakumbuke tu kwamba fedha hizo huingia kwenye mirathi yake, si mfukoni mwa aliyejaza fomu, kwa hiyo wakubaliane kwanza nani atasimamia. Waanze kwa kutafuta cheti cha kifo na namba yake ya NI.