Ukitaka kucheza Bharatanatyam, anza na sikio

Tangu nirudi kutoka Chennai, India, nilikosoma, wazazi huniuliza swali lilelile: binti yetu atapanda jukwaani lini? Wameshamwandikisha darasa la Bharatanatyam, densi ya kale ya India Kusini, njuga wameshanunua, sasa wanaisubiri arangetram, onyesho la kwanza la mwanafunzi akiwa peke yake. Mimi huwauliza kama mtoto anaweza kuuimba wimbo anaouchezea. Kama hawezi, jukwaa lisubiri.

Mfano wangu ni Balasaraswati, mchezaji mashuhuri wa densi hii. Alizaliwa mwaka 1918 katika jiji hilohilo la Chennai, wakati huo likiitwa Madras, kwenye ukoo wa wanamuziki. Bibi yake, Dhanammal, alikuwa bingwa wa kupiga vina, ala ya nyuzi, na mama yake, Jayammal, ndiye aliyemwimbia alipocheza. Mwaka 1925, akiwa na miaka 7, alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mjini Kanchipuram. Wazazi wakisikia hiyo 7 wanapata haraka. Lakini mtoto yule alikuwa ameusikia muziki ule nyumbani tangu azaliwe! Ukubwani alikuwa akiimba mwenyewe huku akicheza, na ndiyo maana uso na mikono yake havikuachana na maneno hata kidogo.

Darasani, mwanzo ni mgumu na hauna mapambo. Mwalimu ameketi chini, mbele yake kipande cha gogo, mkononi fimbo fupi, anagonga na kutamka, “tei ya tei.” Wewe umekunja magoti yakaelekea nje, mgongo umenyooka, unapiga nyayo sakafuni. Mkao huo unaitwa aramandi, na utaishi nao miaka yote. Goti likae juu ya vidole vya mguu, lisiangukie ndani. Likiuma, mwambie mwalimu siku hiyohiyo, usijikaze. Sakafu ya saruji tupu huumiza, hivyo ukipata ya mbao, shukuru. Na ukiwa kwenye daladala, hesabu mapigo kwa vidole pajani. Mimi mazoezi hayo yalinisaidia kuliko kioo.

Kuhusu pesa nitasema wazi, kwa sababu wengi huliogopa jambo hili. Arangetram hulipiwa na familia: mwimbaji, mpiga ngoma ya mridangam, mpiga fidla, ukumbi, nguo za hariri, mpaka chakula cha wageni. Msimu wa muziki wa Desemba huko Chennai una maonyesho mengi mno, lakini chipukizi asitegemee ujira wa maana. Wachezaji wengi huishi kwa kufundisha. Kwa hiyo jifunze nattuvangam, yaani kupiga matoazi na kutamka mapigo wakati mwingine anacheza. Ukiiweza, utaitwa kwenye maonyesho ya wenzako, na sikio lako litazidi kunoleka.

Halafu ijue historia. Densi hii ilitunzwa na wanawake wa koo za devadasi, waliohudumu mahekaluni. Walidharauliwa, na mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwatoa wasichana kwa mahekalu. Rukmini Devi, wa tabaka la juu la Brahmin, aliicheza hadharani mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra. Mchango wake ni mkubwa. Hata hivyo, katika ubishi wao kuhusu mapenzi ndani ya densi, mimi niko na Balasaraswati, mtoto wa koo zile, aliyekataa yapunguzwe ili densi ionekane safi. Ukifundishwa padam, yaani wimbo wa mapenzi, ya mwanamke anayemlaumu mpenzi wake aliyelala kwingine, usiinamishe macho kwa aibu. Jua maana ya kila mstari, uliza neno kwa neno, ndipo uinue mkono.

Unapotafuta mwalimu, omba kukaa pembeni siku moja utazame darasa lake. Kama kila kitu kinachezwa kwa muziki wa kurekodiwa, na yeye mwenyewe haimbi wala hagongi fimbo, endelea kutafuta.