Mkanda wa taimingi: ulegevu wote uende kwenye tenshona

Mkanda wa taimingi ni mkanda wenye meno unaounganisha krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti inayofungua valvu), na tenshona ni puli inayoukaza. Kosa linalowasumbua zaidi mafundi wanaoanza ni hili: alama za puli zote zimetazamana, mkanda umefungwa, gari linawashwa, na injini inatetemeka au haiwaki kabisa. Ukifungua unakuta kemshafti imepitiliza jino moja. Mara nyingi alama zilipangwa vizuri tu. Kilichoharibu kazi ni ulegevu uliobaki upande usiotakiwa. Tenshona ilipoachiwa iliuvuta, na puli ikazunguka pamoja na mkanda.

Kwa hiyo ujue kwanza pande mbili za mkanda. Krenki ndiyo inayovuta. Simama upande wa puli uitazame injini: kama krenki inazunguka kisaa, mkanda wa kulia unashuka kutoka kwenye kemshafti kuingia krenki, na huo ndio upande wa kukaza. Wa kushoto unatoka krenki kupanda juu, nao ndio wa kulegea. Tenshona hukaa huko. Injini nyingi huzunguka kisaa, ila Honda kadhaa za zamani huzunguka kinyume, na hapo pande hizo hubadilishana. Soma kitabu cha injini unayoifungua.

Krenki hufanya mizunguko miwili kemshafti ikifanya mmoja, ndiyo maana puli ya kemshafti ina meno mara mbili ya puli ya krenki. Zikiwa 48 kwa 24, kukosea jino moja ni sawa na nyuzi 15 za krenki. Zikiwa 40 kwa 20, ni nyuzi 18. Kwa jino moja injini huweza kuwaka, lakini silensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, nguvu inapungua na taa ya injini huweza kuwaka kwa sababu sensa ya krenki na ya kemshafti hazikubaliani. Ukikosea meno kadhaa, kwenye injini ambazo valvu na pistoni hupishana katika nafasi moja, valvu zinapinda.

Kabla ya kufungua chochote, toa waya wa hasi wa betri, kisha fungua plagi zote. Plagi zikitoka, krenki inazunguka kwa wepesi, na mkono wako utahisi mara moja kitu kikigoma. Zungusha krenki kwa spana, uelekeo wake wa kawaida, mpaka silinda ya kwanza ifike juu kabisa kwenye mgandamizo. Alama ya krenki hukaa mahali pake mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kemshafti. Ukiona ya krenki iko sawa lakini ya kemshafti iko upande wa pili kabisa, usifungue mkanda. Ongeza mzunguko mmoja kamili wa krenki.

Alama ya puli ya nje ya krenki, ile ya feni belti, usiitegemee peke yake. Puli nyingi za namna hiyo zina mpira katikati ya vyuma viwili, na mpira ukichoka, chuma cha nje huteleza na alama yake. Alama ya kweli iko kwenye puli ndogo yenye meno, ikitazamana na alama ya nyumba ya pampu ya oili. Ya kemshafti iangalie kwa jicho lililonyooka nayo, maana ukitazama kwa pembeni utaona iko sawa wakati haiko. Kwenye injini za Toyota za familia ya 4A-FE, kwa mfano, unatazama kupitia tundu dogo la puli mpaka uione alama ya kofia ya bearingi nyuma yake.

Bolti ya krenki hukazwa sana. Ifungue kwa kuishika puli na kifaa chake. Usipige stata ili ijifungue. Zipo pia injini ambazo puli ya krenki haina kii, yaani kile kijipande cha chuma kinachoizuia isiteleze, na inashikwa na kubanwa kwa bolti tu. Kwenye hizo, bolti ikilegea taimingi imepotea, na bila vifaa vya kufungia krenki na kemshafti usianze kazi.

Mkanda wa zamani ukitoka, ulaze pembeni ya mpya: upana uwe mmoja, umbo la meno liwe moja, idadi ya meno iwe moja. Hesabu kweli. Kisha kagua sili za krenki na kemshafti, yaani mipira inayozuia oili isivuje. Oili hulainisha mpira na kung'oa meno, kwa hiyo mkanda mpya juu ya sili inayovuja ni hasara. Pampu ya maji ikiwa inazungushwa na mkanda huohuo, ibadilishe sasa pamoja na tenshona na puli za kupitishia. Bearingi iliyochoka inaua mkanda mpya vilevile. Usiukunje mkanda, usiugeuze ndani nje, wala usiuingize kwa kuusukuma na bisibisi. Ndani yake kuna nyuzi za kioo zinazokatika zikipindwa, na kwa nje hutaona kitu.

Kemshafti huweza kuruka mkanda unapotoka kwa sababu springi za valvu zinaisukuma. Ikiruka, usiirudishe kwa nguvu pistoni zikiwa juu. Kwenye injini ya silinda nne za mstari, rudisha krenki nyuma kama nyuzi 90 ili pistoni zote ziwe katikati, panga kemshafti, kisha ilete krenki kwenye alama.

Kuvalisha kuanze krenki. Panda kwa upande wa kukaza, mkanda ukiwa umenyooka kabisa, ingia kwenye kemshafti ya kwanza, na kama ziko mbili usiache ulegevu wowote kati yao. Vibanio vya karatasi vinasaidia kuushikilia mkanda kwenye puli. Malizia pampu na tenshona. Jino likiangukia katikati ya mabonde mawili, geuza puli ya kemshafti kisaa kidogo, chini ya jino moja, valisha, halafu irudishe. Upande wa kukaza utanyooka na alama itarudi mahali pake. Hatua hii ndogo ndiyo inayotenganisha kazi safi na ya kurudia.

Tenshona ya springi inaachiwa ivute yenyewe, na bolti yake inakazwa baada ya kuzungusha krenki kama kitabu kinavyoagiza. Yenye mshale inageuzwa mpaka mshale ukutane na alama yake, injini ikiwa ya baridi. Ya haidroliki, inayosukumwa na oili iliyo ndani yake, unaibana kwenye jiriwa polepole ikiwa imesimama wima, unapitisha pini nyembamba, na pini hutolewa mkanda ukishakaa. Ukiibana kwa haraka unaharibu sili ya ndani.

Sasa zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, usirudi nyuma, kisha soma alama upya. Ikigoma katikati, simama hapo hapo, usilazimishe. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitakuwa mahali pake tena, na hilo si kosa. Mistari hiyo ni ya kuvalishia tu. Alama za puli ndizo hakimu.

Dizeli nyingi zina puli ya tatu, ya pampu ya sindano (inayosukuma dizeli kwenye silinda), nayo ina alama yake. Injini zenye shafti za kusawazisha (za kupunguza mtetemo), kama 4G63 ya Mitsubishi, zina mtego zaidi: alama ya puli ya pampu ya oili inaweza kutazamana huku shafti iko kichwa chini. Fungua kizibo cha pembeni ya bloku, ingiza bisibisi ya milimita 8. Ikizama milimita 60 au zaidi, shafti iko sawa. Ikiishia milimita 20 hadi 25, zungusha puli hiyo mzunguko mmoja. Ukiruka kipimo hiki, gari litawaka vizuri lakini litatetemeka.

Kaza bolti zote kwa spana ya kipimo (inayopima nguvu ya kukaza) kama kitabu kinavyosema, na bolti ya kutumika mara moja uibadilishe. Ukiwasha, sikiliza dakika chache: mlio mwembamba unaopanda na mwendo wa injini maana yake mkanda umebanwa kupita kiasi na utakula bearingi za pampu. Kupigapiga kwenye kifuniko ni dalili kuwa mkanda umelegea, na utaruka meno. Zima, fungua, rekebisha, uzungushe tena mara mbili kabla ya kuwasha. Ukiridhika, andika kilomita na tarehe kwenye kibandiko ukibandike kwenye kifuniko, kwa ajili ya fundi atakayefungua baada yako.