Mvinyo Nyumbani: Maswali Yenu Kuhusu Friji, Vizibuo na Ofa

Maswali ya safari hii yamekuja mengi kuhusu vifaa: ninunue kipi, kipi kinafanya kazi, kipi ni cha kupamba meza tu. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji ajue ninakotokea. Kwa sisi tunaoishi kwenye joto, shilingi ya kwanza iende kwenye kuupoza mvinyo na ya pili kwenye kizibuo kizuri. Vingine vyote vinaweza kusubiri.

SWALI: Mwandishi, hujambo? Naishi Nyali, Mombasa, ghorofa ya nne. Chupa zangu huziweka juu ya friji jikoni, maana ndipo penye nafasi. Siku hizi nikifungua waini nyekundu naona ina ladha kama jamu. Ni duka linaniuzia mbovu, au?

JIBU: Sijambo, dada. Duka usililaumu kabla hujazihamisha chupa zako hapo juu ya friji. Friji hupoza ndani kwa kulitoa joto nje, na joto hilo hupanda juu. Jumlisha jiko la gesi lililo hatua mbili pembeni na jua la Mombasa la mwezi wa pili, utaona kwamba chupa zako zimekuwa zikiiva polepole. Mvinyo ukishinda kwenye nyuzi 30 kwa wiki kadhaa hupoteza harufu ya tunda bichi, ukabaki na hiyo ya tunda lililopikwa. Joto likizidi, mvinyo hutanuka na kukisukuma kizibo. Kizibo kilichoinuka, au shingo ya chupa inayonata ukiishika, ndiyo dalili yake.

Kiwango kinachopendekezwa cha kuhifadhia ni nyuzi 12 au 13, pasipo kupanda na kushuka. Pwani hakuna chumba cha namna hiyo, kwa hiyo tafuta mahali penye unafuu: chini kabisa ya kabati la nguo, kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni. Ukiwa na lile boksi la kubebea barafu, liweke humo tupu, bila barafu, chupa zikae ndani. Halitapoza, ila kuta zake nene zitazuia joto lisipande mchana na kushuka usiku, na huko kupandapanda ndiko kunakouchosha mvinyo zaidi.

Ule utakaounywa ndani ya miezi miwili mitatu utie tu kwenye friji ya kawaida, kwenye droo ya mboga. Nyuzi 4 au 5 haziuharibu mvinyo, zinachelewesha tu kukua kwake. Kuuweka humo mwaka mzima sishauri, maana hewa ya friji ni kavu na kizibo cha gome husinyaa. Chupa za kizibo cha aina hiyo zilaze, mvinyo ukiguse kizibo kisikauke. Za kifuniko cha kuzungusha, kama nyingi zinazotoka Afrika Kusini, hata zikisimama hakuna neno. Chupa za kioo kisicho na rangi zifunge gazeti, kwa sababu mwanga nao huharibu.

SWALI: Mume wangu anasema mvinyo mwekundu haupozwi, hunywewa kwa joto la chumba. Mimi naona unachoma koo. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Wewe. Hicho chumba kinachosemwa ni cha nyumba za mawe za Ulaya ya zamani, kabla ya mitambo ya kupasha joto. Kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Tanga ina nyuzi 30. Kwenye joto hilo pombe hupanda puani ikafunika kila kitu. Utie mwekundu kwenye friji nusu saa kabla ya kula. Mweupe fanya kinyume chake: utoe kwenye friji dakika 10 kabla, harufu ipate kufunguka.

Wageni wakiingia ghafla, chukua ndoo, tia barafu, maji na viganja viwili vya chumvi, kisha zamisha chupa mpaka shingoni. Dakika 15 zinatosha kwa mweupe. Barafu peke yake huacha mapengo ya hewa kuizunguka chupa, ila maji huikumbatia yote, na chumvi huyafanya yapoe kuliko barafu ya kawaida.

SWALI: Nimeona friji ndogo ya mvinyo ya chupa 12, bei imeshushwa sana, muuzaji anasema haina kelele kabisa na haili umeme. Nipo Kigamboni. Ninunue?

JIBU: Nenda dukani uinamie nyuma ya friji hiyo. Ukiona chini pale dude jeusi la chuma, la mviringo, hiyo ni kompresa. Usipoliona, ukakuta feni ndogo tu, basi friji hiyo hupoza kwa bamba la umeme ambalo upande mmoja huwa baridi na upande wa pili huwa moto. Ndiyo maana haina kelele. Tatizo lake ni kwamba inaweza kushusha joto kwa kiasi tu chini ya lile la chumba, mara nyingi nyuzi 10 hadi 15. Nairobi au Lushoto itakufaa. Kigamboni, chumba kikiwa na nyuzi 33, itahangaika kutwa nzima iishie kwenye nyuzi 20, na hilo la kutokula umeme utaliona kwenye mita yako ya luku. Kwa pwani nunua ya kompresa, hata kama ni ya chupa chache zaidi.

Halafu hiyo hesabu ya chupa 12 huwa ni ya chupa nyembamba zilizonyooka mabega. Ukiwa na za shampeni au zile zenye kitambi, zitaingia nane au tisa.

Kuna njia ya tatu ninayoipenda kuliko hizo zote. Tafuta friji ndogo ya kawaida iliyotumika, ambayo bado inagandisha vizuri, na kidhibiti joto cha kuchomeka. Hiki ni kijidude kinachokaa kati ya soketi na plagi ya friji, chenye waya mwembamba wenye kihisi mwishoni. Waya unaupitisha mlangoni na kuuning'iniza katikati ya chupa, kisha unaandika nyuzi 13. Friji ikifika hapo, kidhibiti kinakata umeme; joto likipanda, kinaurudisha. Watu wanaotengeneza bia nyumbani hukitumia sana. Kwa friji yoyote utakayochagua, weka na ile fridge guard inayosubiri dakika chache umeme unaporudi, acha nafasi ya kiganja nyuma yake ipumue, na umeme ukikatika usiufungue mlango. Friji iliyojaa chupa hutunza ubaridi wake kwa saa nyingi.

SWALI: Nina mgahawa mdogo Arusha. Wageni wanataka mvinyo kwa glasi, lakini namwaga nusu chupa karibu kila siku. Nimeambiwa ninunue pampu, mwingine ananiambia Coravin. Naomba ushauri.

JIBU: Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Ukimwaga mbili, faida ya chupa hiyo imekwenda na maji, kwa hiyo swali lako ni la biashara hasa.

Pampu ya mkono, ile yenye vizibo vya mpira, hunyonya hewa iliyo juu ya mvinyo, maana hewa ndiyo huuharibu ukishafunguliwa. Inasaidia kidogo. Hewa haiishi yote, oksijeni iliyokwisha kuyeyuka ndani inabaki humo humo, na mpira ukichakaa unavuja bila wewe kujua. Ukinunua, badilisha vizibo mara kwa mara na usitegemee zaidi ya siku moja au mbili za ziada. Kwenye mvinyo wenye mapovu usiitumie kabisa, itakunyonyea gesi yenyewe.

Coravin ni kitu kingine. Ilibuniwa na Mmarekani Greg Lambrecht, mtu wa vifaa vya hospitali, ikaingia sokoni mwaka 2013. Sindano nyembamba hupita kwenye kizibo cha gome, gesi ya agoni, ambayo haiuharibu mvinyo kama hewa, huingia na mvinyo hutoka. Ukichomoa sindano, gome hujifunga. Chupa inaweza kukaa wiki au miezi ikiwa nzima. Naiheshimu sana. Lakini inakula vichupa vya gesi, na mashirika mengi ya ndege hayakubali uvibebe, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha una mtu wa kukuletea gesi mwaka mzima. Inafaa kwa chupa zako tatu nne za bei kubwa. Kuitumia kwa mvinyo wa kila siku ni hasara.

Kwa hizo za kila siku, anza na kitu kisicho na gharama. Kusanya chupa tupu za mililita 375, nusu ya chupa ya kawaida, zenye kifuniko cha kuzungusha, uzioshe na kuzichemsha. Mteja wa kwanza akiagiza glasi, fungua chupa kubwa na papo hapo jaza ile ndogo mpaka mdomoni kabisa, funga, weka kwenye friji. Hewa haina pa kukaa. Nusu hiyo itakuwa njema hata baada ya siku nne au tano, wakati ile kubwa iliyobaki wazi utaimaliza usiku huo huo. Kila chupa ibandike utepe wenye siku na saa ya kufunguliwa, na wahudumu wazoee kuusoma kabla ya kumimina. Mwekundu nao ukishafunguliwa unalala kwenye friji.

SWALI: Kijiko kwenye mdomo wa chupa ya shampeni kinazuia gesi isitoke?

JIBU: Hapana. Kinachosaidia ni baridi, na kile kizibo cha chuma chenye makucha mawili kinachobana shingo ya chupa. Ni cha bei ndogo, nunua.

SWALI: Kizibo kimenikatikia tena, sherehe ya shemeji, watu wote wananitazama. Nina kile kizibuo chenye mabawa mawili. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kitazame ule msumari wake wa katikati. Kama ni nondo nene yenye kingo zilizozunguka kama skrubu ya mbao, huo unatafuna gome na kuling'oa katikati. Unachotaka ni waya uliojiviringa, wenye uwazi katikati wa kupitisha njiti ya kiberiti, na ncha kali.

Nunua kizibuo cha wahudumu, kile kinachojikunja kama kisu cha mfukoni. Mjerumani Karl Wienke alikipatia hataza mwaka 1882 na mpaka leo sijaona cha kukishinda. Chagua chenye mkono wa kuegemeza wenye hatua mbili. Kata karatasi chini ya mdomo wa chupa, chomeka ncha katikati ya kizibo, zungusha mpaka libaki pindo moja la waya nje. Egemeza hatua ya kwanza kwenye mdomo, inua hadi kizibo kifike nusu, hamia ya pili, kisha kimalizie kwa vidole taratibu.

Kizibo kikikatika, rudisha waya kwa kuuinamisha pembeni kidogo, ujaribu tena bila kukandamiza. Kikikataa, kisukume ndani na umimine kupitia chujio la chai. Unga wa gome hauna madhara.

SWALI: Kile kifaa cha kuupitishia mvinyo hewa unapomimina kina maana? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Jagi la kioo linafanya kazi ile ile. Mimina mvinyo mwekundu wenye ukakasi ndani ya jagi, uache nusu saa. Ukiwa na harufu ya boksi bovu au kitambaa kilichoota ukungu, hakuna hewa itakayouponya. Kizibo kimeuambukiza, urudishe dukani.

SWALI: Supermaketi za Nairobi huweka waini nusu bei. Najuaje kama ni ofa ya kweli ama wananisukumia iliyokwisha?

JIBU: Anza na mwaka ulio kwenye lebo. Mweupe na wa waridi wa bei ya kawaida hutengenezwa unywewe mapema, ndani ya miaka miwili mitatu. Ukikuta wa miaka mitano umeshushwa bei, dukani wameshajua. Inua chupa kwenye mwanga: mweupe uliogeuka kahawia, au wa waridi uliofifia kuwa kama ganda la kitunguu, uache. Angalia usawa wa mvinyo shingoni ukilinganisha na chupa za jirani, na kama kuna alama ya kuvuja. Angalia pia chupa ilikuwa wapi. Iliyopangwa dirishani ipigwe na jua siichukui hata kwa bure.

Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, soma stempu ya ushuru kwa simu. Kenya kuna programu ya KRA iitwayo Soma Label, na Tanzania ile ya TRA, Hakiki Stempu. Baada ya hapo nunua chupa moja tu, inywe jioni hiyo, na ikikuridhisha rudi kesho yake uchukue katoni. Maduka mengi yanaongeza punguzo kwa chupa sita. Omba hata kama halijaandikwa.

Na boksi la lita tatu au tano usilidharau. Thomas Angove wa Australia alilipatia hataza mwaka 1965. Mfuko wa ndani hunywea kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo mvinyo hukaa wiki nne au zaidi baada ya kufunguliwa. Kwa nyumba inayokunywa glasi moja moja, hiyo ni ofa bora kuliko nyingi za chupa.

SWALI: Mwezi ujao nitapita Dodoma kwa kazi kisha nirudi Kisumu kwa basi. Nataka kubeba mvinyo wa huko. Ninunue upi, na nitaufikishaje salama?

JIBU: Karibu sana. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi za baridi haziliwezi, na zabibu nyekundu ya Makutupora ni ya pale pale. Nunua mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, wa Makutupora, na mweupe wa zabibu ya Chenin Blanc kwa ajili ya samaki. Ukiweza nunua kiwandani, ambako chupa haijakaa rafuni miezi. Onja kabla ya kuchagua, kwa kuwa mingi ya Dodoma ina utamu na si kila mtu anaupenda. Yote hiyo ni ya kunywewa mapema, usiiweke miaka.

Kwenye basi usiitie buti la chini. Mchana kwenye lami kule chini ni tanuri. Kila chupa iingize ndani ya soksi nene, zipange kwenye begi dogo, begi likae miguuni pako upande usio na jua. Mpakani, abiria aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa lita mbili za mvinyo bila ushuru chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, yaani chupa mbili za kawaida na nafasi kidogo inabaki. Ukizidisha, itangaze na ulipie. Ukifika Kisumu zipumzishe siku mbili tatu kwenye friji kabla ya kuzifungua.